Ndoo, Kisahani na Kufuli

Sogeeni, nina kesi ya wanawake watatu na jina moja. Anayetaka kucheka atoke nje kwanza, maana hadithi hii ina makaburi ndani yake.

Wote watatu walifanya kazi katika hospitali moja ya wilaya, huko kwenye baridi. Skolastika, mpiga deki wa wodi ya vichanga, alikuwa na pua: alijua kilichooza kabla mwingine hajakiona. Otilia wa maabara alikuwa na macho, na kijidudu hakikuota kwenye kisahani cha vipimo asikione. Sista Kandida, mkuu wa wodi, alikuwa na msimamo, na akisema mlango umefungwa, umefungwa.

Ikaletwa dawa mpya ya kusafishia wodi na kuulia vijidudu. Wiki iliyofuata vichanga wakaanza kuchemka homa. Wa kwanza alikufa Jumatatu, na hadi Ijumaa walikuwa wanne. Aliyekufa Alhamisi alikuwa mtoto wa kiume wa mama mmoja, Bernadeta. Pacha wake, wa kike, alibaki akinyonya kwa shida.

Skolastika alishtuka tangu Jumatatu ile, maana sakafu aliyoipiga deki asubuhi ilinuka mchana. Akanyamaza. Alikuwa na watoto wa kulisha, na aliogopa kibarua kisije kikaota nyasi. Ijumaa, baada ya kukunja shuka ya mtoto wa nne, alishindwa kuvumilia, akabeba ndoo yake hadi maabara.

"Mama, dawa hii niliipima mwenyewe," Otilia akamwambia. "Iliua kila kitu kwa dakika tano. Sahihi yangu hiyo hapo."

"Uliipima kwenye maji gani?"

"Maji safi, yaliyochemshwa."

"Mimi sipigi deki maji safi, mwanangu. Napiga deki damu na maziwa yaliyotapikwa. Ipime na haya."

Otilia angeweza kumfukuza, na nani angemlaumu? Lakini alichota maji ya ndoo, akayachanganya na dawa, akatia vijidudu, akangoja dakika tano zilezile. Kisha akapaka kidogo kwenye kisahani na kukiweka kwenye kabati la joto. Kesho yake kisahani kilikuwa kimejaa vijidudu. Uchafu uliimaliza dawa nguvu, na vijidudu vilibaki vizima. Akaandika barua ya kuikana sahihi yake.

Barua ilimfikia Sista Kandida Jumamosi. Mganga mkuu alikuwa safarini, akasema kwa simu asubiriwe hadi Jumatatu. Kandida hakusubiri. Alihamisha vichanga, akachoma magodoro, akasafisha kila kitu kwa dawa ya zamani, akatia kufuli mlangoni. Hakuna mtoto mwingine aliyeugua. Lakini Jumapili alikuja mama mwenye uchungu wa uzazi, Kandida akamwelekeza hospitali ya misheni. Alijifungulia njiani, kwenye baridi, na mtoto hakufika akiwa hai.

Binti wa Bernadeta alipona. Siku ya kuruhusiwa, mama yake aliwakuta wote watatu wodini.

"Jumapili tunabatiza, na padri anataka jina moja," alisema. "Nataka mwanangu aitwe jina la aliyemwokoa."

"Mpe la Skolastika," akasema Otilia. "Bila ndoo yake, ningekuwa bado naiamini sahihi yangu."

Skolastika hakumtazama. "Mimi nilijua Jumatatu, mama. Mwanao wa kiume alikuwa bado hai."

Wakamgeukia Kandida. Alikuwa anautazama mlango aliomfungia yule mama wa Jumapili.

Bernadeta akakaa kitandani na mtoto wake, akalia. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Sasa kesi nawaachia nyinyi. Bila ndoo, kisahani kisingepimwa tena. Bila kisahani, kufuli lisingetiwa. Bila kufuli, mtoto huyu angemfuata kaka yake. Je, wewe ungempa jina la nani, na kila ukimwita, ungemkumbuka nani?