Boti Iliyokuwa Kavu Kila Asubuhi

Mtu mmoja alikuwa na boti, na boti hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yake. Jina lake Kashindi, fundi cherehani. Boti aliirithi kwa baba yake, ndefu, ya mbao, yenye kibanda katikati na turubai juu. Humo alilala yeye, mama yake mzazi, mkewe Mwavita na watoto wao watatu. Humo pia aliweka cherehani na majora ya vitambaa. Kila mwaka kipupwe kilipoingia alisafiri nayo kwenda kusini mwa ziwa, kwa kuwa huko watu huvuna wakati huo, na mtu akishavuna hukumbuka kwamba nguo zake zimechakaa.

Siku Mwavita alipoletwa botini akiwa bibi harusi, mama mkwe alimkabidhi kopo la bati. Alimwonyesha ubao wa sakafu unaofunuliwa, na maji yaliyokusanyika chini yake. "Mkamwana, mume hakanyagi maji ndani ya nyumba yake. Uyatoe kabla hajaamka." Ndivyo wanawake wa maboti walivyofundishana katika ufuko ule.

Basi Mwavita akawa anaamka alfajiri, anafunua ubao, anachota, anamwaga, anafuta kwa tambara, anarudisha ubao. Mwaka wa kwanza yalikuwa makopo kumi. Mwaka wa nne, thelathini. Kashindi akiamka hukuta sakafu kavu, akamshukuru Mungu kwa kumpa boti ngumu. Alipokaa na wenzake kwenye kahawa aliwaambia, "Nyie kila mwaka mnahangaika na mafundi. Yangu haijaguswa tangu enzi za marehemu mzee." Nao wakamwonea wivu.

Mwaka wa saba kipupwe kikakaribia, maandalizi yakaanza. Kashindi akafungua injini, akasafisha plagi, akabadilisha oili. Akatia turubai viraka. Akatafuta kamba mpya ya nanga. Akapaka boti rangi ya buluu mpaka ikang'aa. Mwavita akafua mablanketi, akafuma masweta ya watoto, akakausha mihogo, akajaza mkaa kwenye viroba. Hakuna aliyezembea.

Ikabaki kalafati, ile pamba iliyolowekwa mafuta ambayo hushindiliwa kati ya ubao na ubao ili maji yasipite. Kashindi akamwita fundi wa maboti, mzee Ruhaga. Kwa desturi yao fundi huja mapema, kabla jua halijachoma, afunue sakafu na kuona boti imelalaje. Ruhaga akafunua, akapitisha kiganja. Kikatoka kikavu.

"Hii kavu kuliko koo langu," akasema. "Kalafati ya nini? Nipeni chai niende zangu."

Wote wakacheka. Mwavita naye akacheka. Alikuwa ametoa makopo sitini asubuhi hiyo kabla hajamimina chai ile.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Aliijua safari. Kuna mahali ambapo kando ya ziwa ni miamba mitupu, na boti hukata mchana kutwa na usiku kucha bila pa kutia nanga. Hapo Kashindi huwa macho kwenye usukani muda wote. Atachota saa ngapi? Tena boti ikishapakiwa hushuka, na mbao za juu zilizokaukia juani miezi yote huingia majini na nyufa zake. Na upepo wa kipupwe hutoka huko huko kusini, unapiga usoni. Aliwatazama watoto wakijaribu masweta, wakivutana mikono, akaona wazi kwamba kopo lake halitawavusha.

Mara mbili alijaribu kusema. Mara ya kwanza Kashindi alimjibu, "Fundi mwenyewe ametia mkono. Wewe umeona nini asichokiona yeye?" Mara ya pili mama mkwe alikohoa, na Mwavita akayameza maneno yake.

Siku ya mwisho wakapakia: majora, viroba, mitungi, cherehani. Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kung'oa nanga. Mwavita akaamka alfajiri kama kawaida. Safari hii akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akasikiliza maji yakipanda. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchota.

Kashindi akashusha miguu, maji yakamfika kwenye vifundo. Majora mawili ya chini yalikuwa yamelowa, rangi imechuja.

"Mwavita! Nini hiki?"

"Maji ya kila siku," akasema. "Leo sikuyatoa."

Wakaanza kuyakumba kwa ndoo na sufuria, na majirani wakajazana ufukoni kutazama. Mmoja akapaza sauti, "Kashindi, kumbe unafuga samaki ndani!" Kashindi akamgeukia mkewe mbele yao wote. "Umenivua nguo," akasema. Watu wakamtazama mama mkwe, wakingoja amlaani mkamwana wake. Bibi yule akakunja kanga yake iliyolowa, akasema taratibu, "Mimi nilichota miaka ishirini na sita. Baba yako alikufa hajui." Kashindi akakaa juu ya jora lililoharibika.

Mizigo ikapakuliwa, boti ikavutwa nchi kavu. Ruhaga akachokonoa kwa kisu, pamba ya zamani ikatoka nyeusi, laini kama ugali uliolala. Kwenye mbao mbili karibu na mkuku, ule mti wa chini unaobeba boti, kisu kilizama mpaka mpini. Fundi hakutania siku hiyo. Kung'oa mbao, kutia nyingine na kukalafati upya kukawachukua siku kumi na moja. Walipofika kusini, wavunaji wengi walikuwa wameshashonewa na mafundi wengine, na mwaka ule familia ilikula mihogo mikavu mpaka ikawakinaisha. Lakini walifika, wote sita. Kashindi hakumshukuru mkewe kwa maneno, si njiani wala baadaye.

Ninyi mlio na nyumba, niambieni: Mwavita alimtunza mumewe lini, ile miaka saba aliyokuwa akichota, au asubuhi moja aliyokaa mikono mapajani?