Kiatu cha Mdhamini

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata waongo hawajakubaliana ilikuwa lini, palikuwa na mji uitwao Ukwamba, na mji huo ulikuwa na Sultani aitwaye Masudi. Sultani huyu alikuwa na moyo mzuri na mkono mbaya. Moyo wake ulikuwa mwepesi wa kucheka, lakini akiudhika, mkono hukamata chochote kilicho karibu ukakivurumisha. Alikwisha kurusha machungwa, mito, upawa, na siku moja alimrusha kasuku wake mwenyewe, ambaye tangu siku ile hakusema neno tena. Wazee wa baraza walikuwa hodari wa kuinama kuliko wa kutoa shauri. Msinicheke, mimi nasimulia nilivyosikia.

Basi katika mji huo alikuwako mchota maji, jina lake Simai, maskini wa kutupwa, hana mbele wala nyuma, isipokuwa mtungi mmoja mbele na mtungi mmoja nyuma, mzega ukiwa begani. Kila siku alipanda mlima mpaka kisima cha maji matamu, akashuka nayo kuwauzia watu. Akafanya hivyo miaka ishirini, ikawa bega la kulia limevimba na vidole vimeanza kufa ganzi. Tabibu akambonyeza, akatikisa kichwa, akamwambia, "Simai ndugu yangu, masika mengine chini ya mzega huu, na mkono huu hautanyanyua hata kijiko."

Mkewe, Mwanakheri, aliposikia habari hiyo alilia sana. Kisha akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akasema, "Bwana we, kulia hakujazi mtungi. Sultani ana magari mapya ya punda uani kwake. Nenda kakope gari moja, upate kupumzisha bega kabla sijaanza kukulisha kwa mkono."

Na kweli magari yalikuwako. Maseremala wa Sultani walikuwa wameunda magari saba, kila moja na punda wake, bei yake reali arobaini. Asiyekuwa na reali arobaini alipewa gari kwa mkopo wa mwaka mmoja, arudishe na ziada. Ziada hiyo haikuitwa riba, hasha! Neno riba likitajwa pale, kadhi alikuwa akishikwa na kikohozi mpaka abebwe. Iliitwa shukrani. Na kipimo cha shukrani kilikuwa kiatu.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye mambo. Mtu akitaka mkopo Ukwamba ilimpasa awe na mdhamini, na mdhamini hutoa kiatu chake kimoja. Kiatu hicho hutundikwa ukutani katika nyumba ya hazina mpaka deni liishe, na mdhamini hutembea na kile kimoja kilichobaki. Kununua jozi nyingine kabla deni halijalipwa ilikuwa aibu isiyosemeka. Mkopaji aliweza kumkwepa mshika hazina, lakini nani ataweza kumkwepa mtu anayechechemea nyuma yake kutwa, akiungua unyayo mmoja na kumtaja mama yake?

Basi Simai akaenda hazina. Mshika hazina, Bwana Shekue, mtu mwembamba mwenye sauti ya puani, akamwonyesha ubao uliopigiliwa mlangoni.

"Soma," akamwambia. "Mdhamini wako akileta kiatu cha ukindu, shukrani ni reali ishirini juu ya arobaini zako. Akileta kiatu cha ngozi ya ng'ombe, reali kumi. Akileta makubadhi ya tajiri yenye nakshi, reali nne tu."

"Na huu mstari wa mwisho?"

Bwana Shekue akacheka puani. "Huo aliuandika Sultani mwenyewe siku ya furaha yake. Atakayeleta kiatu kinachopita viatu vyote vya Ukwamba, shukrani yake ni kikombe kimoja cha kahawa."

"Kwa hiyo, Bwana, mwenye jirani maskini hulipa ishirini, na rafiki wa tajiri hulipa nne, na gari ni lile lile?"

"Gari ni lile lile."

"Na punda?"

"Usinichoshe, Simai. Lete kiatu."

Simai akazunguka mji mzima. Kinyozi alikuwa tayari kumdhamini, lakini alikuwa pekupeku. Muuza mbaazi alikuwa na kiatu cha ukindu, na Simai akahesabu vidoleni: reali sitini kwa mwaka, maana yake apande mlima mchana na tena jioni, na punda angekufa kabla ya deni. Matajiri nao, kila alipobisha hodi, aliambiwa bwana amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mji gani huu matajiri wake wanasinzia wote kwa pamoja!

Basi akaenda moja kwa moja barazani, akapiga magoti. "Maulana, bega langu linakufa. Nakuomba gari kwa shukrani ya kikombe cha kahawa."

Sultani alikuwa katika furaha yake siku ile, akacheka mpaka kilemba kikamwinamia. "Simai, umesoma masharti? Kiatu kinachopita vyote ni hiki changu, kina uzi wa dhahabu, na sijapata kumdhamini mtu tangu nizaliwe. Lakini mimi si mchoyo. Ukikileta hazina kabla ya swala ya Ijumaa, gari lako. Usipokileta, utanichotea maji ya hamamu mwaka mzima bila malipo, kwa sababu umenipotezea wakati."

Baraza zima likacheka, na lililocheka zaidi ni lile tumbo la Waziri. Simai akatoka. Mwaka mzima wa maji ya bure! Huo ulikuwa mwisho wa mkono wake, naye alijua.

Mwanakheri aliposikia alishika kichwa. "Ole wangu! Utakiibaje kiatu kilichomo mguuni mwa mtu?"

"Mke wangu, siibi. Niazime kikapu chako kikubwa."

Ikawa Ijumaa asubuhi Sultani amekaa barazani akicheza bao na Waziri, kama ilivyokuwa ada yake. Kadhi alikuwako, na wazee wote wamezunguka. Kando ya Sultani palikuwa na mto wa hariri, na sahani ya halua, na viatu vyake vya uzi wa dhahabu amevivua, vimekaa mbele ya zulia. Kila Ijumaa Sultani alimshinda Waziri, na kila Ijumaa wazee walishangaa upya.

Simai akaingia na kikapu, akatoa salamu, akajikunyata karibu na bao.

"Kikapu cha nini hicho?" akauliza Sultani bila kuinua macho.

"Cha riziki, Maulana. Haijulikani itaanguka wapi."

Sultani akacheza, akala kete nyingi, na wazee wakasema kwa sauti moja, "Mashallah!" Simai naye akasema, "Maskini Waziri, uongo unamchosha."

"Umesema nini?" akauliza Sultani.

"Nimesema, Bwana wangu, Waziri alikuwa na kete sita za kuila nyumba yako tangu mchezo uliopita, naye akapita kando akijifanya anapiga chafya."

Waziri akapiga chafya. Sultani akawa mwekundu, mkono ukachota kete za bao, ukazivurumisha. Wazee wakainama wote. Simai hakuinama: alisogeza kikapu, kete zikaingia kwa mlio mzuri.

"Ahsante, Maulana. Tena Ijumaa ile nyingine ulicheza zamu mbili mfululizo, na kadhi akatazama dari."

"Mimi sikutazama..." kadhi akaanza, na mto wa hariri ukapita juu ya kichwa chake. Simai akaudaka hewani. Akaukalia kidogo, akauona laini, akautia kikapuni.

"Nyamaza!" akanguruma Sultani.

"Nanyamaza, Bwana. Ila mpishi wako ameniambia kwamba hata kasuku alikuwa akikushinda, ndiyo maana ulimrusha."

Hapo sahani ya halua ikaondoka. Ilipaa ikizunguka, na halua ikabaki nusu kwenye ndevu za mzee mmoja aliyechelewa kuinama. Sahani ikatua kikapuni. Simai akalamba kidole, akasema, "Iliki imezidi." Wazee walikuwa wameuma vilemba vyao wasicheke, na machozi yanawatoka.

Sasa Sultani alipapasa kulia, hakuna kitu. Akapapasa kushoto, hakuna kitu. Akainama mbele, akakamata kiatu chake cha kulia, chenye uzi wa dhahabu, akakirusha kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele, "Toka mbele yangu, mwanaharamu wee!"

"Natoka, Maulana!" akasema Simai, na kiatu kilikuwa tayari mkononi mwake. Akakitupa kikapu chini, akatimua mbio, akavuka uwanja, akaingia hazina akihema, akakiweka kiatu juu ya meza ya Bwana Shekue. Lo! Bwana Shekue alisimama, akakaa, akasimama tena.

Haukupita muda Sultani naye akafika, kiatu kimoja mguuni na mguu mwingine mtupu, anaruka juu ya mchanga wa moto, baraza lote nyuma yake. "Mkamateni! Ameniibia kiatu!"

"Bwana wangu," akasema Simai, "nimekikuta wapi, mguuni au hewani?"

"Sikukupa! Nimekurushia!"

"Bwana Shekue, tusomee sheria."

Bwana Shekue akatoa karatasi ya sheria ya mikopo, akamtazama Sultani, akaitazama karatasi, akasoma: "Kiatu kitoke mkononi mwa mdhamini mwenyewe, kiingie mkononi mwa mkopaji, mashahidi watatu wakitazama."

"Kimetoka mkononi mwako, Maulana," akasema Simai, "kikaingia mkononi mwangu. Mashahidi ni baraza zima, na mmoja ana halua ndevuni. Sheria haisemi kitoke polepole."

Watu wakamgeukia kadhi. Kadhi akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaigeuza aone kama nyuma pameandikwa kitu, akakohoa. "Maulana," akasema, "kweli haisemi polepole."

Sultani akafungua kinywa aseme. Akautazama ukuta wa hazina, na kwa mara ya kwanza akaviona viatu vilivyotundikwa pale, vya ukindu vitupu, safu juu ya safu. Kisha akautazama mguu wake mwekundu. "Hivi mchanga huu huwa wa moto hivi siku zote?" akauliza.

"Siku zote, Maulana," wakajibu watu waliosimama nje, na wengi wao walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja.

Basi Sultani, akiwa ndiye mwenye kuweka sheria, hakuweza kuivunja mbele ya watu. Kiatu kikatundikwa ukutani, na Simai akatoka na gari na punda. Mwanakheri alipoliona likija, alipiga kigelegele mpaka punda akasimama.

Lakini sasa furaha ndiyo kwanza inaanza, maana Sultani alikuwa mdhamini, na mdhamini hutembea na kiatu kimoja. Akaenda msikitini na kiatu kimoja. Akapokea wajumbe wa nchi jirani na kiatu kimoja, nao wakadhani ndiyo heshima ya Ukwamba, wakavua kimoja kila mtu. Akawa hana usingizi wala amani, kila asubuhi anatuma mtu kwa Simai: "Umechota mitungi mingapi? Mbona leo umechelewa?" Akaamuru jikoni watumie maji ya Simai peke yake. Hamamu ikafuata. Waziri akaamriwa aoge mara tatu kwa siku. Na siku moja punda alipogoma katikati ya mlima, watu waliona jambo ambalo hawajaacha kulisimulia: Sultani Masudi, kanzu ameikunja kiunoni, kiatu kimoja, anasukuma gari la maji kwa nyuma na kutoa jasho, huku Simai ameshika hatamu mbele, akisema, "Kidogo tu, Bwana wangu, tumekaribia."

Miezi minne haikwisha, Simai akaleta hazina reali ya arobaini. Uvimbe wa bega ulikuwa umenywea, na mkono wake wa kulia ndio ulioshika buli la kahawa. Mbele ya baraza lote Sultani akashushiwa kiatu chake, akakivaa, akafumba macho kwa raha. Kisha Simai akammiminia kikombe kimoja.

Sultani akaonja, akakunja uso. "Simai! Chungu hii!"

"Ni shukrani, Maulana. Shukrani tamu ulikuwa ukiletewa na wale wa viatu vya ukindu."

Mkono wa Sultani ukainuka, ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto, wazee wakainama mpaka vilemba vikagusa sakafu. Mkono ukashuka ukakishika kiatu kile kile. Na Simai, badala ya kuinama, akarudi nyuma hatua mbili, akatandaza mikono yake yote miwili.

"Rusha, Bwana wangu," akasema. "Muuza mbaazi naye anataka gari."

Sultani akabaki na kiatu juu, akamtazama. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, akacheka mpaka akajishikilia kwa Waziri, na wazee wakacheka, na Bwana Shekue akacheka puani, na inasemekana hata kasuku alisema neno siku hiyo, ila si neno la kurudiwa mbele za watu. Alipopata pumzi, Sultani akaivua jozi nzima, akaikabidhi kwa Simai kwa mkono wake mwenyewe, tena polepole, akasema, "Kimoja cha muuza mbaazi, na kimoja cha atakayemfuata. Shekue, ng'oa ubao ule, shukrani ya kila mtu iwe kahawa, uwarudishie watu viatu vyao."

Kisha akarudi kwake pekupeku, akiruka juu ya mchanga. Nami nilipofikia hapo nilikuwa nimechoka kucheka, nikavaa vyangu vyote viwili, nikaenda zangu.