Mkanda wa Miiba wa Jumbe Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na vyeo, na mialiko ya arusi kama sisi, Fisi alikuwa jumbe wa mtaa mmoja. Msiniulize nani alimchagua. Hata waliomchagua walikuwa wakiulizana.

Jumbe Fisi alikuwa na mbwa. Alimpa jina la Hayawahusu, ili kila akimwita, majirani wajue kwamba wameambiwa wao. Mnawajua watu wa namna hiyo. Kila jioni jumbe alimfunga mbwa wake kamba shingoni, akatoka naye kukagua mtaa, kwa sababu mkubwa asiye na kitu cha kuburuta huonekana mtu wa kawaida tu.

Sasa, matembezi yenyewe yalikuwaje? Yalianza kwa adabu, hatua mbili, tatu, nne. Kisha upepo ukileta harufu ya nyama kutoka jiko la mtu, jumbe alichomoka, fyuu! Na kamba mkononi! Hayawahusu alimfuata nyuma akiburutwa, ulimi nje, "Khe! Khe! Khe!" Wakifika penye sufuria, jumbe alijifuta mate, akasema kwa huzuni kubwa:

"Jamani, mnisamehe. Mbwa huyu ananivuta."

Na watu wazima, kila mmoja na macho yake mawili, walijibu, "Pole, Jumbe."

Siku ya arusi ya binti wa Pofu, yule mnyama wa pembe ndefu, mambo yakazidi. Katika mtaa ule, mgeni wa heshima hali kabla ya kuwasalimia wazee wote barazani, mmoja mmoja. Na salamu zao hazikuwa za haraka. Uliulizwa habari za nyumbani, habari za shamba, habari za goti lililokuuma mwaka juzi, nawe ukauliza zao. Ndipo unawe, ndipo ukae kwenye sinia.

Jumbe akaanza na Mzee Kobe.

"Shikamoo, mzee."

"Ma... ra... ha..." akaanza Mzee Kobe, ambaye hakuwahi kuharakishwa na mtu.

Kule uani mpishi akafunua sufuria ya pilau. Fyuu! Kabla Mzee Kobe hajafika "ba", jumbe alikuwa ndani ya sinia mpaka masikioni, na Hayawahusu juu ya mgongo wake, macho yamemtoka. Tubwi! Mchuzi ukamrukia bibi arusi.

Mama wa bibi arusi akaangua kilio, na alikuwa na haki.

"Mmemwona?" jumbe akafoka, wali ukimtoka puani. "Mmemwona mbwa huyu? Nasema mbele yenu nyote, nitamvisha mkanda wa miiba shingoni, ncha zikae ndani. Akivuta, umchome! Na atauvaa mpaka kufa kwake!"

"Pole, Jumbe," wakasema wageni.

Maskini Hayawahusu! Shingo yenyewe ilikuwa imeshachubuka kwa kamba, manyoya yamekwisha, hata kumeza mate kulikuwa kazi. Leo miiba? Usiku hakulala. Alfajiri alijiiba akaenda kwa Bi Karunguyeye, mshona viatu na mikanda, ambaye umbo lake lilikuwa kama embe dogo na ulimi wake kama sindano yake.

"Bibi, nakufa," akasema.

"Watu wanaokufa hawapigi hodi. Kaa. Una nini?"

Hayawahusu akamweleza yote. "Jumbe atakuja kukuagiza huo mkanda. Tafadhali, bibi, mkatalie."

"Nikimkatalia atakwenda kwa Nungunungu. Naye miiba anayo mwenyewe, tena anaitoa bure."

"Basi nimekwisha!"

"Hujaisha. Niambie, mwanangu, wewe ukiachwa, unaweza kukaa kitako?"

"Kukaa kitako?" Hayawahusu akashangaa. "Bibi, hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote duniani. Sijapata nafasi tu."

"Vizuri. Wewe kazi yako itakuwa hiyo. Mengine niachie."

Kweli jumbe akaja kuagiza mkanda, na siku ya tatu akarudi kuuchukua, Hayawahusu akiburutwa nyuma. Bi Karunguyeye akautoa mkanda. Lo! Ngozi laini, kifungo cha shaba kinang'aa, na ndani miiba ya mgunga imepangwa kama meno. Ukitembea taratibu, umelegea. Ukivuta, unabana. Hayawahusu aliitazama ile miiba, akaanza kuihesabu.

"Safi sana!" akasema jumbe. "Lete nimvishe."

Bi Karunguyeye akashusha pumzi ndefu. "Unaweza kumvisha, Jumbe. Ila nasikitika."

"Unasikitika nini?"

"Huu ni mkanda wa mafunzo, na una masharti. Lazima uvaliwe kwanza siku saba na bwana mwenyewe, ili yule anayefunzwa aone kwa macho yake muungwana anavyotembea. Lakini si kila shingo inauweza. Juzi alikuja Simba kuutaka, nikamwambia, 'Samahani, mheshimiwa, shingo yako ni ya kawaida.'"

Jumbe akasimama wima. "Simba ulimwambia hivyo?"

"Mbele ya mkewe."

"Na shingo yangu je?"

Bi Karunguyeye akamzunguka, akaipima kwa macho, akatikisa kichwa kama aliyezidiwa na uzuri. "Mimi fundi tu, Jumbe. Nisemeje?"

Watoto wangu, ukitaka kumvika mtu mkubwa kitanzi, mwambie kinampendeza. Jumbe alijivika mwenyewe, akajifunga kifungo mwenyewe, akajitazama kwenye maji ya karai mara tatu.

"Na kamba?" akauliza.

"Kamba anaishika mwanafunzi, Jumbe. Asije akasinzia darasani."

Wakatoka. Hayawahusu alishika kamba kwa mikono miwili. Walipofika kona ya bucha la Chui, harufu ya maini ikapita. Fyuu! Jumbe akachomoka. Hayawahusu akakumbuka kazi yake, akakaa kitako, pwa!

"Uuuwi! Mama yangu! Nani kanivuta?"

"Mimi nimekaa, Jumbe," akasema Hayawahusu.

Jumbe akageuka. Kweli mbwa alikuwa amekaa. Akajaribu tena, fyuu! "Uuuwi!" Mara ya tatu akaenda kwa hatua ndogondogo kama bibi arusi. Mkanda ukanyamaza.

"Umeona, Hayawahusu?" akahema. "Hivi ndivyo watu wanavyotembea. Natumaini unajifunza."

"Najifunza sana, Jumbe," akasema Hayawahusu.

Siku saba zikapita. Siku ya kwanza jumbe alipiga uuuwi mara kumi na tisa. Siku ya saba hakupiga hata moja. Shingo ya Hayawahusu ikaanza kuota manyoya. Lakini moyo wake haukutulia, kwa sababu siku ya nane ilikuwa yake. Siku hiyo mkanda ulipaswa kuhama.

Na siku ya nane ilikuwa karamu ya Swala, ya arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wake. Mbuzi watatu walikuwa jikoni. Jumbe aliingia taratibu, mkanda unang'aa, na barazani wazee wakakumbatia sahani zao mapema, kwa sababu walikuwa na kumbukumbu.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Ma... ra... ha..."

Mpishi akafunua sufuria. Pua ya jumbe ikatetemeka. Mguu mmoja ukainuka. Baraza zima likashika pumzi. Hayawahusu akakaa kitako.

Mguu ukashuka.

"...ba," akamaliza Mzee Kobe.

"Habari za nyumbani, mzee?" akauliza jumbe, machozi yakimlengalenga. "Habari za shamba? Na lile goti?"

Alisalimia wazee kumi na wanne! Alinawa! Alikaa! Alikula kwa mkono mmoja! Mama wa yule bibi arusi, binti wa Pofu, aliyekuwapo, akalia tena, safari hii kwa mshangao.

Jumbe akasimama, akajinyoosha. "Ndugu zangu, leo mmejionea wenyewe. Mbwa wangu amefunzika!"

Wageni wakatazamana. Wakamtazama mbwa, aliyekuwa amekaa. Wakautazama mkanda, na shingo ulipokuwa.

"Hongera, Jumbe," wakasema.

"Sasa zamu yake imefika." Akapeleka mkono kwenye kifungo. "Hayawahusu, sogea!"

Hayawahusu akasogea, mkia kati ya miguu. Alihisi miiba kabla haijamgusa. Akamtafuta Bi Karunguyeye kwa macho, akamwona kwenye pembe ya jamvi, anatafuna mfupa bila haraka.

"Ni haki yake," akasema Bi Karunguyeye. "Mvishe tu, Jumbe. Ngozi laini, shaba inang'aa, na yeye ni kijana. Tena kwa shingo hiyo iliyopona, utampendeza. Akipita mtaani nao, mgeni asiyewajua atamwamkia yeye kwanza. Lakini wewe si mtu wa makuu, hutajali."

Mkono wa jumbe ukasimama.

"Nani aamkiwe?"

"Mbwa, Jumbe."

"Kwa mkanda wangu?"

"Utakuwa wake sasa."

"Thubutu!" Jumbe akaufunika mkanda kwa mikono yote miwili. "Huu ni mkanda wa jumbe! Mbwa gani wa kuvaa kitu ambacho Simba kanyimwa? Siuvui, wala simvishi mtu! Hayawahusu, shika kamba, tunakwenda nyumbani."

Mlangoni harufu ya mbuzi ikampitia mara ya mwisho. Akageuka kidogo tu. "Uwi," akasema kwa sauti ndogo, kisha akanyooka.

Wakaondoka hivyo, jumbe mbele kwa hatua za heshima, na Hayawahusu nyuma akiwa ameshika kamba kwa vidole viwili, akitazama miti. Mpaka jumbe anakufa hakuuvua, na mpaka anakufa aliwaambia watu jinsi alivyomnyoosha mbwa wake.

Nami hapo nimefika, na neno lake ni hili: anayelalamika kila siku kwamba anavutwa, tazama kwanza miguu yake.