Bata Wasio na Mwenyewe

"Hawa bata ni wa nani?" mjumbe aliuliza barazani. Mzee Lukindo, mwenye mashine ya kusaga, ambaye asubuhi ileile aliwalisha bata wake sita akiwaita kwa majina, alitazama mawingu. Nani angemsuta, halafu mahindi akasage wapi? Mjumbe alikwisha kuamua: mwenye bata atawachotea maji wote waliodonolewa miguu, mpaka vidonda vipone.

Siwema, mwenye bandeji miguu yote miwili, aliinuka akichechemea.

"Basi niandikeni mimi. Maji nitachota."

"Una wazimu, mwanangu?" mjumbe alimaka.

"Mwacheni, binti ana roho nzuri!" Mzee Lukindo alidakia. "Leteni kalamu, shahidi mimi!" Akatia sahihi mbiombio.

Siwema alichota maji siku tisa. Siku ya kumi, vidonda vilipokauka, alibisha hodi kwa Mzee Lukindo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tenga la nini?"

"Nimefuata bata wangu. Si mwenyewe ulitia sahihi kwamba mwenye bata ni mimi? Naomba unishikie tenga, baba. Wanadonoa hawa."