Ukungu wa Mzee Shemweta

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Kama huamini kwamba neno moja linaweza kumuumiza mtoto kifua, nyamaza usome, kisha umpelekee na mwenzako mwenye nyumba.

Huko milimani Lushoto, Mzee Shemweta alikuwa na nyumba ya mawe aliyoipenda kuliko watu. Ukuta wa chumba alicholala mjukuu wake, Semeni, ukaota madoa meusi yenye manyoya. Kila yalipotokea, mzee alipaka chokaa. Mtoto akakohoa mpaka shule ikamshinda.

Dada yake mzee, Bi Mwantumu, alipokuja kuwajulia hali, alinusa mlangoni tu akajua. Kesho yake akaleta fundi. Fundi akaeleza taratibu: kwanza yatafutwe maji yanakotoka, kisha ibanduliwe plasta iliyooza, ukuta uachwe ukauke kabisa, ndipo rangi ifuate. Mzee akasema habomolewi nyumba kwa sababu ya ukungu. Lushoto nzima ina ukungu, jua likitoka unaondoka.

"Wa mlimani unaondoka, kweli," akasema Bi Mwantumu. "Huu wa ukutani unamngoja nani?"

"Dada, wewe uliishia darasa la nne. Mambo ya nyumba niachie."

Bi Mwantumu akausogelea ukuta. Akachukua kijiko, akakwangua. Chokaa ikabanduka tabaka baada ya tabaka kama kitunguu, na kila tabaka lilikuwa na weusi wake. Mzee akatazama dari.

"Ukungu tu," akarudia.

Mkewe, Bi Tatu, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake. Huyo kwa kawaida huongea na sufuria tu.

"Mwaka juzi chumba hiki ulilala wewe," akasema. "Ulipokohoa wiki moja uliuita kuvu, ukahamia chumba cha mbele. Ndipo ukamleta mtoto humu. Msumari wa koti lako ule pale."

Fundi akajifanya anapima ukuta.

"Kumbe jina lake unalijua," akasema Bi Mwantumu.

Akafunga nguo za Semeni kwenye khanga, akamshika mkono. Mzee, sauti imeshuka, akauliza mtoto atarudi lini.

"Muulize fundi ukuta unakauka lini."

Akatoka, akaufunga mlango.

Funzo: Ukimsikia mtu analiita baya kwa jina laini, tazama kwanza nani analala nalo.