Nguchiro na Sufuria ya Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango, na milango ikipigwa hodi, paliishi mjane mmoja, Bi Nungunungu. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, na miiba yake ndiyo hiyo mnayoijua. Kila aliyekutana naye alimpisha mbali.

Kijiji hicho kilikuwa na kikundi cha kujitolea, Mkono wa Huruma. Mwenyekiti wake Tembo, makamu wake Kiboko. Wanachama wengine hawakuwepo, maana hao wawili walitosha kujaza kikao.

Kila asubuhi walimpelekea Bi Nungunungu chakula kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Pu! Wanakiweka kizingitini. Wanaimba wimbo wa kikundi, beti zote. Kisha hao, wamekwenda zao, du! du! du!

"Kwa nini jani?" jirani yao Nguchiro aliwauliza siku moja.

"Huruma hiyo," alisema Tembo. "Tukimletea kwenye chombo itambidi akirudishe. Na mila inasema chombo cha jirani hakirudi kitupu. Maskini yule, atatia nini?"

"Jani analitupa, anapumzika," alisema Kiboko.

Jioni Nguchiro akamkuta bibi anafunga mkeka wake kwa kamba.

"Shikamoo, bibi. Safari ya wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Keshokutwa nahamia kule mlimani."

"Lo! Kule hakuna mtu!"

"Na hapa yupo nani? Chakula nakula, nashiba. Lakini tangu masika hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Nikifika mlangoni niseme karibuni, wameshafika njia panda."

Nguchiro alimpenda sana yule bibi, na moyo ukamuuma.

"Una mihogo, bibi?"

"Mihogo ninayo. Wa kula naye ndiye sina."

"Basi kesho ipike jioni. Tena pika mingi."

Akatoka mbio, chapu chapu, mpaka kwa Tembo. Kiboko naye alikuwa hapo, kwenye kikao.

"Mwenyekiti, kesho Bi Nungunungu atapata wageni. Wakubwa kwelikweli."

"Ala! Wanakuja kuona kazi yetu?"

"Hilo sijui. Ila jani la mgomba halina mwenyewe. Watajuaje chakula kimetoka kwa nani?"

Tembo akapiga masikio, pwa! pwa! "Nitapeleka kwenye sufuria yangu. Inajulikana kijiji kizima."

"Na mimi bakuli langu la maua," alisema Kiboko, asije akaachwa nyuma.

Asubuhi wakapeleka. Wakaimba. Wakaondoka.

Jioni mke wa Tembo akauliza, "Baba watoto, sufuria iko wapi? Au leo nipikie kwenye sikio lako?"

Tembo akashika njia. Mbele kidogo akamkuta Kiboko, naye katumwa na mkewe. Hawakuulizana kitu.

"Hodi!" Mlango ule hawakuwa wameupigia hodi hata siku moja.

"Karibuni," Nguchiro alijibu kutoka ndani.

"Tumefuata vyombo tu. Tunapita."

"Chombo hakirudi kitupu, mwenyekiti. Bibi anapika. Ingieni mkae."

"Tutasubiri nje."

"Nje? Msimame mlangoni kama wadai? Watu watasemaje?"

Wakaingia. Bi Nungunungu akaufungua mkeka wake, akawatandikia. Kiboko alitaka kukaa mbali na miiba, lakini nyumba ilikuwa ndogo na Kiboko ni Kiboko. Hakukuwa na mbali.

Chungu kikatokota, toko toko toko. Tembo akakohoa.

"Habari za kutwa, bibi?"

Bi Nungunungu akageuka, akamtazama kwanza. "Nzuri, mwanangu. Ila ule ubeti wa pili unauimba vibaya. Nimevumilia tangu masika."

Kiboko akacheka, kwe kwe kwe! Nyumba ikatikisika.

"Na wewe usicheke. Marehemu mama yako alikuwa na sauti. Wewe una mdomo tu."

Tembo akacheka mpaka machozi, akaomba afundishwe ubeti wa pili. Bibi akaimba, wao wakaitikia. Muhogo wa nazi ukaiva, wakala wote kwenye sinia moja, na hakuna aliyekumbuka kusogea.

Katikati ya tonge Kiboko akashtuka. "We Nguchiro! Hao wageni wakubwa wako wapi?"

"Nawatazama," alisema Nguchiro.

"Umetulaghai!" alisema Tembo.

"Nimewalaghai, ndiyo. Sogeza hiyo mihogo."

Walipoaga, sufuria ilijaa na bakuli la maua likajaa. Mihogo mingine ikabaki. Bi Nungunungu akaitia kwenye bakuli lake mwenyewe, akampa Tembo. "Wapelekee watoto."

Asubuhi Tembo akiwa bado amelala, mlango ukagongwa, ko! ko! ko!

"Hodi!"

Alikuwa Bi Nungunungu, kaja na mguu wake mbovu, pole pole.

"Nimefuata bakuli langu."

Tembo akalitazama bakuli. Lilikuwa jeupe, limelambwa na watoto. Moto haujawashwa.

"Bibi... bado hatujatia kitu."

"Basi nitasubiri," alisema, akampita mlangoni. Akaketi ndani katikati ya watoto wa Tembo, ambao walitaka kujua miiba yake inachoma au haichomi.

"Guseni muone," akasema.

Nanyi mkumbuke, wanangu: ukimpa jirani chakula, mpe na nafasi ya kukurudishia.