Bwawa Lenye Kifuniko

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile ambazo Twiga alikuwa bado anakaripiwa na mama yake, "Acha kunyoosha shingo kwenye sahani ya mwenzio!", palikuwa na bwawa moja chini ya mlima.

Mlima wenyewe, jamani! Msidhani ni hivi vilima vyenu vya kukimbizana. Huo ulikuwa mlima wa kukufanya usahau ulichotaka kusema. Kileleni ulikuwa mweupe pe, na mawingu yalipumzika mabegani pake kama khanga. Bwawa lilipotulia, mlima wote ulishuka ukalala ndani ya maji, kichwa chini miguu juu, wala haulowi.

Lakini mwaka huo bwawa halikutulia. Mvua iligoma. Mito ilibaki mchanga mtupu. Maji yaliyosalia nchi nzima yalikuwa hayo hayo, na mwenye kauli juu yake alikuwa mmoja tu: Tembo.

Tembo akitembea, ardhi humwitikia. Tindi! Tindi! Masikio yake ungeweza kuanikia mpunga wa mtaa mzima. Na kichwani mwake, loo, hakuna kilichopotea! Alikumbuka njia zote, majina yote, na vitendawili vyote tangu enzi za mababu. Hilo la vitendawili ndilo alilojivunia kuliko hata pembe zake.

Basi Tembo akatoa amri: "Wakubwa kwanza!"

Wakubwa wakanywa. Walipokwisha kunywa, wakaoga. Walipokwisha kuoga, wakagaagaa. Kiboko, rafiki yake Tembo, hakutoka majini kabisa, alikuwa humo kutwa akipuliza, bwaaa! Ilipofika zamu ya wadogo, palikuwa pamebaki tope zito kama uji uliosahauliwa motoni.

Sasa, Sange mnamjua? Ni yule mwenye mwili wa panya, miguu ya kurukaruka, na pua ndefu inayochezacheza kana kwamba imenusa maandazi. Huyu Sange aliishi chini ya majani makavu pamoja na binti yake, Nunu. Nyumba yao ilikuwa ndogo, lakini imefagiwa, na mlangoni palikuwa na kijiwe cha kufutia miguu.

Nunu alikuwa hajanywa maji, siku ya pili sasa. Asubuhi hiyo alilala ubavu, midomo imepauka.

"Mama," akasema, "nalia, lakini machozi hayatoki."

Sange akasikia moyo unamkatika vipande. Akampakata mtoto, akaweka uso wake karibu na uso wa Nunu, pua kwa pua. Mara Nunu akakodoa macho.

"Mama! Usitikisike!"

"Kuna nini, mwanangu?"

Nunu akamnong'oneza jambo sikioni. Jambo gani? Tulieni, msinikimbize. Sange alimtazama Nunu, akaliona na yeye jambo lile lile. Moyo ukampiga, du! du! du! Kwa kitambo akasahau hata kiu. Mambo makubwa namna hiyo yalikuwa nyumbani kwake siku zote, na yeye alikuwa anafagia tu!

"Nunu," akasema, "kaa hapa kivulini. Naenda kukutafutia maji." Akaruka, ta-ta-ta-ta, mpaka bwawani.

Tembo alikuwa amesimama ukingoni, ameziba jua. Nyuma yake, mbali kidogo, wadogo walikuwa wamejipanga wakingoja: Digidigi, Kindi, Kobe na wanawe. Sange akapita katikati yao, akainua uso. Akainua tena. Akainua mpaka shingo ikamuuma, na bado hakuufikia mwisho wa Tembo.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba." Tembo akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nani anasema?"

"Huku chini, babu. Karibu na ukucha wako wa pili."

Tembo akainama kidogo. "Aa! Nilidhani ni jani. Tangu lini mimi ni babu yako?"

"Tuulizane pua, babu. Yako ndefu, yangu ndefu. Ukoo ni mmoja, ila kwako mpishi alizidisha unga."

Wadogo wakabana vicheko. Tembo naye mkonga ukamtikisika, maana alipenda maneno yenye chumvi.

"Kama umekuja kuomba maji, zamu yako bado."

"Sikuja kuomba maji. Nimekuja kukutegea kitendawili."

Kiboko akaibuka majini, bwaaa! "Huyu? Amtegee Tembo? Hi hi hi! Mwenzangu, leo umepata mchezo."

Macho ya Tembo yakang'aa. Siku nyingi hakuwa amepata wa kushindana naye. "Sawa, kijukuu. Lakini nikikitegua, wewe na wadogo wenzio wote msikanyage hapa mpaka mvua inyeshe. Mmekubali?"

Kobe akavuta kichwa ndani. Digidigi akafumba macho. Sange akageuka, akatazama njia ya nyumbani kwake. Mpaka mvua inyeshe! Nunu hangefika hata kesho kutwa. Aliogopa, nasema kweli, aliogopa sana. Lakini kurudi mikono mitupu aliogopa zaidi.

"Tumekubali," akasema. "Na ukishindwa wewe, babu, utanipa mji, kama desturi."

Desturi hiyo si mnaijua? Aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, ndipo aambiwe jibu. Ni mji wa mdomoni tu. Hata mimi jana nimegawa miji mitatu, na sina hata kibanda.

"Mji!" Tembo akacheka mpaka majani yakapukutika. "Hata kumi nitakupa!"

"Mmoja unatosha. Ila usije ukasahau kwamba umenipa."

"Mimi? Nisahau? Wanyama nyote mmesikia? Tembo akisema neno, Tembo hulikumbuka mpaka kufa!"

"Tumesikia!" wakajibu wote, wakubwa kwa wadogo.

Sange akavuta pumzi. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Bwawa langu dogo lina kifuniko. Halizamishi hata sisimizi, lakini mlima mzima umelala ndani."

Tembo akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akatafuta kichwani, kwenye vile vitendawili vya mababu. Hakuna. Akatafuta tena.

"Tone la umande!"

"Umande una kifuniko, babu?"

"Aa. Yai!"

"Yai lina mlima?"

"Chungu! Kibuyu! Kisima cha mchwa!"

"Sivyo, sivyo, sivyo."

"Ni mdomo wangu!" Kiboko akadakia, akaupanua, kwaaa! "Una kifuniko, na umemeza mengi."

"Umemeza mlima?" Sange akamuuliza.

Kiboko akafikiri. "Bado."

Jua likasogea. Tembo akapiga masikio, pwa! pwa! Akazunguka, tindi! tindi! Akachora mchanga kwa mkonga, akafuta. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Kwa mtu anayejua kila kitu, wanangu, hakuna muwasho kama ule wa kutojua kimoja.

"Nimeshindwa," akanguruma hatimaye. "Niambie jibu!"

"Nipe mji."

"Nakupa Kichuguuni."

"Siutaki. Una vumbi."

"Nakupa Miibani!"

"Siutaki. Unachoma."

"Nakupa Mchangani, kule mtoni!"

"Mji usio na maji, babu, ni mji gani huo? Basi, mimi naenda zangu nyumbani na jibu langu." Sange akageuka, ta-ta-ta.

"Ngoja! Ngoja!" Tembo alikuwa anahema. Jibu lilimwasha kuliko kupe elfu. "Nakupa Bwawani! Haya, Bwawani pote, na ukingo wake! Sasa sema!"

Sange akasimama. Pua yake ikatetemeka. Akatamka polepole, kama mtegaji anavyotakiwa:

"Nimekwenda Bwawani, nikakuta watu wengi wana kiu. Kwa kuwa mji ni wangu, nikasema wadogo wanywe kwanza, maana wanakunywa matone wala hawatibui. Wakubwa wakafuata, wakanywa wakashiba. Wa kuoga akangoja wote wamalize. Na jibu la kitendawili ni jicho."

"Mji gani huo unaousema?" Kiboko akaguta. "Si mchezo tu?"

Wote wakamgeukia Tembo. Tembo alikuwa amekwisha kuelewa. Alikumbuka kila neno alilolisema, na hilo ndilo lililomponza.

"Mji nimetoa," akasema taratibu. Kisha sauti ikapanda. "Lakini jibu ni la uongo! Mlima mzima, ndani ya jicho? Tena jicho lako wewe, dogo kama mbegu ya mchicha? Ukinidanganya, mji unarudi na amri yangu iko pale pale!"

"Njoo utazame, babu."

Tembo akapiga goti. Puu! Vumbi likaruka. Akapiga la pili. Puu! Akalaza mkonga chini, akashusha kichwa, kikashuka, kikashuka, mpaka jicho lake kubwa likawa mbele ya jicho la Sange. Pumzi zake zilikuwa upepo. Sange alitamani kupepesa, lakini akajikaza. Nunu, akasema moyoni. Nunu, Nunu.

Tembo akatazama.

Akakodoa.

Mle ndani, ndani ya kitu kidogo kama mbegu, palikuwa na mlima. Mlima wote! Kilele cheupe, khanga ya mawingu mabegani, na mbingu ya bluu juu yake. Ndege alipita angani, naye akapita mle. Na mbele ya mlima palikuwa na mnyama mdogo, mdogo kabisa, mwenye pembe mbili nyeupe, amepiga magoti.

"Ni nani yule?" Tembo akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Ni wewe, babu."

"Nimo humo? Wote?"

"Wote, na pembe zako. Na bado nafasi ipo."

Tembo hakuinuka upesi. Alitembea juu ya viumbe hawa miaka yote akidhani ni majani, kumbe kila mmoja alikuwa amembeba, yeye na mlima. Akaona haya, na akaona ajabu, na ajabu ikaizidi haya.

Alipoinuka, alisema neno moja tu kwa Kiboko: "Toka."

"Mimi?"

"Toka majini, mwenzangu. Tumo mjini kwa watu."

Kiboko akatoka, chubwi, chubwi, akinung'unika. Wakubwa wote wakarudi nyuma. Maji yakatikisika, yakapunguza mtikisiko, yakatulia. Na mlima, ambao siku nyingi haukuonekana mle, ukashuka ukalala ndani yake kichwa chini.

Sange akamkimbilia Nunu, akamleta mgongoni. Nunu akachovya pua, akanywa. Akanywa tena. Hata Tembo alibana pumzi asije akayatibua maji.

Nunu akainua uso. Shavuni pake palikuwa na kitu kinang'aa.

"Mama," akasema, "machozi yamerudi."

Sange akacheka, na yeye yakamtoka. Tembo akajifanya kuna mdudu amemwingia jichoni.

Nami mji wangu ndio huo, nimefika, nimekunywa, nimerudi na neno hili: usimdharau aliye mdogo, maana jicho lake limebeba mlima mzima, na wewe umo ndani.